Ubao Uliokwenda Baharini

Shee,

Salamu nilikupa jioni kwa mdomo, ukaitika huku unaangalia kamba za sanduku lako, kwa hivyo hapa sizirudii. Hali yangu unaijua. Umelala chumba cha pili na nasikia unavyokoroma. Naandika kwa sababu nina hasira, na nikiisema kwa sauti nitaamsha mtaa mzima, kisha waanze kuja mmoja mmoja kuniambia Bi Mwana, mtoto anasafiri, mpe radhi zake aende. Radhi ninazo. Hasira ninayo pia. Zote mbili zitasafiri nawe.

Sitakwambia habari za kula wala kulala. Mjomba wako yuko Maskati miaka mingi, atakuonyesha pa kununua mchele na namna ya kuzungumza na wenye kazi. Kufua unajua. Kuswali unajua. Pasipoti umeifunga kiunoni tangu juzi, unatembea nayo hata ukienda msalani, basi sina shaka hutaipoteza.

Ninalotaka kusema ni la Bi Zena. Tangu tulipomzika kusi imepita, kaskazi imeingia, na wewe na mimi hatujalitaja jina lake ndani ya nyumba hii. Kesho unapanda basi la Mombasa, na kutoka hapa kwenda kituoni kuna njia mbili. Ile fupi inapita mbele ya nyumba ya Mzee Kombo, mumewe. Wewe miezi yote hii unazunguka ile ndefu ya nyuma ya soko, ili usije ukalazimika kumwambia shikamoo. Unadhani mimi kipofu.

Nianze na ubao, kwa kuwa wewe ndiko ulikoanzia.

Ubao ule ulikuwa wa bibi yako. Ulikuwa msunobari, mpana, wa kipande kimoja, alioupata kwa baharia mmoja alipokuwa bado msichana. Wepesi wake ulikuwa kiasi cha wanawake wawili kuubeba bila kuita mwanamume. Upande wa miguuni alitobolesha tundu, ili maji ya kumwoshea maiti yapite na kushuka kwenye ufuo, lile shimo tunalolichimba chini yake. Kila mwanamke aliyekufa mtaani kwetu tangu sijaolewa ameoshwa juu ya ubao ule. Bibi yako alikuwa mwosha, akanifundisha mimi, nami nimeifanya kazi hiyo bila kudai kitu, kwani si kazi ya kudai. Watu walinilipa kwa kuniamini. Wakija kubisha hapa walikuwa wanajua Bi Mwana yupo, na ubao upo uani chini ya banda, juu ya vigoda vyake viwili, umefunikwa mkeka.

Watoto wa wenzangu walipita mbali na banda lile. Mama zao waliwaambia ukiugusa utaweweseka usiku. Mimi sikutaka mwana muoga. Nilikwambia ni ubao tu, Shee, maiti hana neno na mtu, wa kuogopwa ni walio hai. Ukawa unakaa juu yake ukiandika hesabu za skuli. Siku moja bibi yako alikukuta umelala juu yake mchana, umejifunika mkeka wake, akanipigia kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Unalea mtoto asiyejua pa kuvulia viatu," aliniambia.

Mimi nikacheka. Nikamwona bibi yako ana mambo ya kale. Sasa hayupo nimwombe msamaha, na ningekuwa naye leo asingenipa nafasi ya kusema, angenipigia kelele upya. Nilikutoa woga, sikutia kitu mahali pake. Hilo ni langu, na nalisema mara moja tu, nisije nikakupunguzia yako.

Kisha wakaja wale Wazungu wa mbao. Kila kusi ikivuma, mawimbi ya ghuba yakisimama, wanakuja na mbao zao za rangirangi, za kupandia mawimbi, juu ya paa la gari, ngozi zao zimebabuka puani. Wewe ulikuwa umemaliza skuli, asubuhi unakwenda kuuliza kazi hotelini, mchana unarudi kwa njia ya pwani. Mmoja wao, yule mrefu wa nywele za katani, akakuonyesha kulala juu ya ubao, kisha kupiga magoti, kisha kusimama. Hapo sikulaumu. Mwenye miguu yeyote angetaka kujua mawimbi yanampeleka vipi.

Lakini sikiliza mambo yaliyonifika mimi ndani ya nyumba hii, nisiyeujua hata huo mchezo wenyewe unaitwaje. Kwanza paja lako. Lile pezi lililo chini ya ubao wa Mzungu lilikuchana ukashonwa hospitali, nami nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima, ukaniambia umeteleza majabalini. Kisha mishumaa. Mishumaa yangu ya kuweka kwa siku za giza ikawa inaisha yenyewe. Nikatega mtego wa panya. Nikamtazama vibaya msichana wa jirani kwa wiki nzima, maskini, hana kosa. Kumbe unaisugua kwenye ubao miguu isiteleze. Kisha kanga yangu ya arusini, ile ya korosho nyekundu, nikaitafuta mpaka nikapindua kabati. Kumbe umeichana ukasokota kamba ya kufunga mguuni. Kisha yule msimamizi wa hoteli alikwambia njoo kesho asubuhi uanze kazi jikoni, na asubuhi ile mawimbi yalikuwa mazuri, ukaenda jioni. Jikoni wakakuuliza wewe nani. Ndiyo sababu kesho unapanda ndege, Shee, usiwaambie watu ni kwa kutafuta maisha. Maisha yalikuwa hapa, yalikungoja mpaka saa nne.

Hata hayo ningeyameza. Vijana hupoteza vitu. Babako, Mungu amrehemu, alipoteza ng'ombe.

Ubao wa Mzungu ukavunjika vipande viwili chini ya miguu yako pale penye fungu la mchanga. Yeye alicheka tu, akafunga mizigo akaenda zake kwao. Wewe ukabaki pwani na miguu imeshazoea mawimbi. Ndipo ulipokumbuka banda la mamako.

Haya yote aliniambia mwenzako Bakari, baadaye, akilia, amekaa pale pale kizingitini unapopenda kukaa wewe.

"Mama, mie nalimwambia Shee huu si wa kuchezea," alisema. "Akanambia mamake mwenyewe amesema ni ubao tu."

Maneno yangu mwenyewe, umeyachukua pamoja na ubao.

Uliupeleka kwa fundi akauchonga kichwani ukawa na ncha, fundi akidhani ni kazi ya kitanda. Ukapitisha kamba ya kanga yangu kwenye lile tundu la miguuni. Kwenye tundu lile, Shee. Jioni ukawa unaurudisha juu ya vigoda vyake, ncha umeielekeza ukutani, mkeka juu, na chumvi yake bado haijakauka. Mwezi ule kwa bahati hakufa mwanamke mtaani. Ulikuwa unacheza kamari kwa wanawake wa watu, kila ukiingia majini unatumaini wote wataamka wazima, na kwa siku nyingi ukashinda.

Mpaka ikaja siku ya wimbi lile. Kamba ikakatika, ubao ukakupiga bega, mkondo ukauchukua kaskazini, wewe ukaogelea kwa mkono mmoja na Bakari akakuvuta mchangani. Ukaja hapa ukaniambia umeanguka na baiskeli ya Bakari. Nikakukanda bega kwa maji ya moto na chumvi. Nikamwita Bakari nikamkaripia kwa habari ya baiskeli yake, na yule mtoto akasimama akakaripiwa kwa ajili yako, hakufungua mdomo. Kisha ukangoja niingie jikoni. Ukaenda bandani ukapanga vijiti juu ya vigoda vitupu, ukatandika mkeka juu yake, uonekane umefunika kitu.

Kuuchukua nimekuelewa kidogo. Kuupoteza nimekuelewa, bahari haina adabu kwa mtu. Vile vijiti ndivyo sijavielewa mpaka leo. Ulikaa ukavitafuta, ukavipima urefu.

Siku chache baadaye, baada ya swala ya alfajiri, Bi Zena akafa.

Nakuandikia Bi Zena alikuwa nani ingawa unajua, kwa sababu siku ile ulifanya kama mtu asiyejua. Ulipozaliwa nilishikwa na homa mpaka maziwa yakakauka. Bi Zena alikuwa amemzika binti yake mchanga kwa surua siku zile zile. Alivuka uchochoro, akakutoa mikononi mwangu bila kuniuliza, akakaa pale kitandani akakunyonyesha. Akakunyonyesha mpaka mimi nikasimama, na nilipokwisha kusimama akaendelea, kwa kuwa wewe hukutaka kumwacha. Hakupata mtoto mwingine. Kwa dini na kwa macho ya watu ulikuwa mwanawe. Alipenda kulisema arusini na matangani, mbele ya wanawake wenye wana saba.

"Mie sina wasiwasi na kaburi langu. Nna Shee wa kunishusha."

Mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wake, mume, ndugu au mwana. Ndugu hakuwa naye. Mume alikuwa na nyonga mbovu, anatembea kwa bakora. Alikuwa na wewe.

Basi wanawake wakakusanyika nyumbani kwake. Maji yakatekwa, majani ya mkunazi yakatwangwa, ufuo ukachimbwa. Nikaenda bandani na wanawake wawili. Nikafunua mkeka, vijiti vikaanguka.

"Bi Mwana, ubao u wapi?" mmoja akaniuliza.

Nikasema uko kwa fundi, unatengenezwa. Nikadanganya na maiti yumo ndani. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwako na nyundo. Milango mingine ingefaa pia, lakini nadhani miguu yangu ilikuwa imeshajua. Ulikuwa umekaa kitandani. Uliniangalia nikigonga bawaba moja baada ya nyingine, na hukuniuliza mama unafanya nini. Mlango ulipotoka ukainuka, ukapita kando yangu ukaenda zako. Nikasema moyoni angalau anakwenda kuchimba kaburi na wanaume.

Tulimwosha juu ya mlango wako. Ulikuwa mfupi. Miguu yake ilining'inia nje, nikaishika mkononi mwangu tangu kuanza mpaka sanda. Mlango hauna tundu, kwa hivyo maji hayakwenda kwenye ufuo, yalitapakaa chumba kizima, wanawake wakasimama na miguu mibichi. Hakuna aliyesema neno. Wangesema ningeshukuru.

Wanaume waliporudi mazikoni, Mzee Kombo alikuwa ameshikwa na watu wawili, kanzu yake ina udongo mpaka kifuani. Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa hukushuka wewe. Walipofika kaburini waliita jina lako. Wakaita tena. Wakatuma mtu hapa nyumbani, wakatuma mtu pwani. Jua likawa linashuka na maiti yuko juu ya ardhi. Mzee Kombo akavua viatu, akampa mtu bakora yake, akashuka mwenyewe na nyonga ile. Akampokea mkewe, akamlaza ndani ya mwanandani, chini kabisa ya kaburi, akamgeuza uso kibla, akamfungua sanda shavuni. Kisha akashindwa kupanda. Ilibidi wamvute kwa makwapa, mzee wa watu, mbele ya mtaa mzima.

Wewe ulikuwa nyuma ya mashua zilizopinduliwa, Bakari anasema, umelala kifudifudi mchangani. Ulirudi baada ya isha ukaniuliza kama kuna chakula.

Ulikuwa na bega bovu, Shee. Ungesema bega. Ungesimama pale ukasema siwezi kuinua mkono huu, wangekushika, ungeshuka na ule mmoja. Ungesema hata ubao nimeupoteza mimi, ukapigwa kofi na mtu mzima, kisha ukashuka. Kofi lingekwisha siku ile ile. Wewe uliona aibu ya ubao ni kubwa kuliko Bi Zena. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwa ubao peke yake nisingejaza karatasi hizi zote.

Tangu siku ile kuna nyumba mbili zimefiwa na hazikuniita. Zimekwenda kuita mwosha wa mtaa wa pili. Nikipita wananisalimu vizuri sana.

Nilikwenda Sabaki kuufuata ubao. Hukujua, kwa kuwa hukuuliza. Mwuza samaki alisema kule kwenye mlango wa mto kuna kibanda cha chai chenye benchi la ajabu, refu lenye ncha, hakuna fundi anayejua limetengenezwa kwa ajili gani. Nikaenda. Mwenye kibanda ni Mgiriama, anaitwa Mama Kadzo, mwanamke mnene mchangamfu. Wanaume wawili walikuwa wamekaa juu yake, vikombe mkononi, wanabishana habari ya bei ya korosho. Mmoja alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu anachezachezea. Nikasimama mpaka walipomaliza chai yao.

"Mayo, huu uliletwa na maji," Mama Kadzo aliniambia, akiniita mama kwa Kigiriama. "Mie sikuiba."

Nikamwambia hapana, hukuiba, aliyeiba ni mwanangu. Nikamweleza ulikuwa wa nini. Ningeweza kusema ni wa kupigia pasi, lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo, wako na wangu. Aliruka upande wa pili wa kibanda na mikono kichwani. Kisha akakaa chini mchangani, akanitazama kwa huzuni kweli.

"Ungeninyamazia, mayo. Wateja wangu sasa niwaambieje? Kuna mtu amekaa hapo kila siku tangu ubao ulipokuja, mgongo ulikuwa unamuuma, anasema umepoa."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwahidi benchi jingine, nikampelekea lile la barazani kwetu, nikaurudisha ubao uani. Ndiko lilikokwenda. Unapita hapo barazani kila siku, umeona pahala patupu, na hilo pia hukuliuliza. Ubao wenyewe hauwezi tena kazi yake. Umeuchonga ncha, umepasuka ubavuni, na mimi siwezi kumlaza mama wa mtu juu ya kitu cha namna ile.

Sasa nikwambie kosa langu jingine, ambalo ni jipya na bado linaniuma. Sikukusemesha. Nilikuacha na chumba kisicho na mlango, nikasema moyoni pengo lile la mlango litamsemesha, kila akilala na kila akiamka ataona, mpaka aje mwenyewe aniambie. Wewe ukatundika shuka, ukaendelea. Nikipika, unakula. Ukitoka, unaaga. Nilijifanya nakupa adhabu, na kweli nilikuwa naogopa kuanza, nisije nikasikia kwa mdomo wako jambo ambalo siwezi kulisamehe. Mimi niliyekufundisha usiogope. Tumekaa humu ndani waoga wawili, tunapishana na sahani za wali. Ukifika huko kwa watu ukakosana na mtu, piga kelele siku ile ile. Kelele hazijamuua mtu. Mimi nimekonda kwa kunyamaza.

Kuna jambo moja sijakwambia, na sikutaka kukwambia. Nimelishika miezi yote hii kwa sababu nilijua litakuuma, na nilikuwa nasubiri siku nitakayotaka likuume sana. Leo hasira yangu haijapungua, lakini siwezi kukuacha uondoke bila hilo.

Kabla ubao haujapotea, mimi na Bi Zena tulitoka kumjulia hali mgonjwa, tukarudi kwa njia ya pwani ili apate upepo. Kule kwenye mawimbi tukaona kijana amesimama juu ya maji. Amesimama wima, magoti amekunja kidogo, mikono wazi, na wimbi lote liko nyuma yake linamsukuma. Nikasimama. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile, Shee. Nikasema mashaallah, mtoto wa nani huyu. Bi Zena akaniangalia akaanza kucheka.

"Mtoto wetu," akasema. "Humjui kwa miguu? Mie naliishika miguu ile na iko kama kidole."

Nikatazama tena, na kweli ulikuwa wewe. Nikataka kukuita, akanizuia kwa mkono. Kisha akakunja uso, akakaza macho yake yale yenye ukungu, akasema, "Na ubao ule naujua." Nikamwambia Bi Zena, wewe humwoni hata anayekupa salamu, utajua ubao. Tulipokuwa tunaendelea na njia, nikamsikia anacheka tena peke yake.

"Basi vyema," alisema. "Siku yangu nitalala juu ya ubao uliokwisha kuiona bahari."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima. Niliyakumbuka huku nimeishika miguu yake juu ya mlango wako.

Alijua, Shee. Alijua kabla yangu na hakukasirika. Alicheka. Wewe ulimkimbia mtu aliyekuwa ameshakusamehe, ukamwacha amelala juu ya udongo jina lako linaitwa. Nikifika hapo nataka nije nikuamshe nikupige, mtu mzima ulivyo na ndevu zako.

Jana alasiri ulipokuwa unaaga marafiki, Mzee Kombo alikuja. Hakukaa, kwa kuwa hatuna benchi. Aliegemea bakora yake akasema amesikia kijana anasafiri. Kisha akaniuliza kama ubao wa zamani bado ninao. Nikamwambia upo uani, umeharibika.

"Usiutupe," akasema. "Nikatieni kiunza."

Kiunza unakijua, ni ule ubao anaofunikwa maiti ndani ya kaburi kabla ya udongo. Akasema mkewe alimweleza habari za siku ile ya pwani, wakacheka wawili usiku kucha, na yeye angependa alale chini ya ubao ule siku yake ikifika.

"Lakini aniletee Shee," akasema. "Simtaki mtu mwingine aubebe."

Nikamwuliza, "Una neno nae, Mzee?"

"Nnalo. Nitamwambia yeye."

Sijui ni neno gani. Huenda ni la hasira, na ana haki yake. Siku yake ikifika wewe utakuwa Maskati, kiunza ataweka mtu mwingine, na huyo mwingine atakayeshuka sitamlaumu. Lakini ubao utakuwa umeuleta wewe.

Ule mlango wako haurudi. Nimeutobolesha tundu, sasa ndio ubao wa wanawake wa mtaa, wale ambao bado watanitaka. Ukija likizo utakikuta chumba kiko wazi hivyo hivyo, utaingia tu.

Ubao nimeutoa uani nikauegemeza kwenye miimo ya chumba chako, mahali palipokuwa na mlango, na barua hii nimeikunja nikaipenyeza kwenye tundu lake. Huwezi kutoka bila kuusogeza. Ukishaushika, uweke kichwani kama ulivyokuwa ukiupeleka pwani, utoke nao mchana kweupe, upite njia fupi. Basi ni la saa tatu na Mzee Kombo anaamka na alfajiri. Akikuweka, kaa, hata basi likiondoka, kuna jingine, na feri ya Kilifi itawachelewesha wote sawa.

Sanduku lako usihangaike nalo. Nitalibeba mimi mpaka kituoni, nikungoje hapo.

Mamako